Huyu Anajua Tayari

Mwalimu wangu Atupele,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu huamkia kwanza, hata kama amekuja kugombana. Na mimi nimekuja kugombana.

Ningekuja kaburini, lakini wanao walikuchukua. Jeneza lako liliondoka Kilindoni kwa boti asubuhi, likavuka bahari hadi Nyamisati, bara, na kutoka huko sijui ni gari gani lililokupeleka Tukuyu, kwenye ile baridi uliyokuwa ukiisimulia kana kwamba ni ndugu yako. Kwa hiyo sina pa kusimama nikakusema. Sina hata udongo wa kuukazia macho. Nimebaki na kalamu.

Siku ya kukuaga, pale uwanjani shuleni, mwalimu mkuu alishika kipaza sauti akasema, "Mama huyu alikuwa na jicho. Alimwona Rukia akiwa darasa la pili, akasema huyu anajua tayari, akampa chaki. Leo Rukia ni nani? Ni mwalimu mwenzetu." Watu wakageuka kunitazama. Nikalia. Kina mama wakanishika mabega, wakaniletea maji, wakaambiana mwacheni alie, alikuwa kama mama yake. Ni kweli, ulikuwa kama mama yangu. Lakini kilichoniliza ni yale maneno matatu. Huyu anajua tayari. Niliyasikia nikakaza meno, kama mtu aliyetoneshwa kidonda alichodhani kimepona.

Nyumba yako amepewa kijana wa Singida anayefundisha sayansi. Ameikata migomba yako ya uani, anasema inaweka nyoka. Ofisini kiti chako hakikaliwi, lakini mto wako wa kukalia umehamia kwenye kiti cha mwalimu mkuu, naye hujifanya hajui ulifikaje. Watoto wa darasa la sita bado wanakuiga. Mwalimu akichelewa kuingia, mmoja husimama mbele na kusema kwa sauti yako, "Toeni madaftari ya masoesi," na darasa zima linaanguka kicheko. Miaka yote ile kisiwani, na herufi z haikukukubali. Nikiwasikia nacheka, halafu nakukasirikia tena.

Nataka nikwambie ninachokumbuka, ili tusibishane.

Ulikuwa na madarasa mawili kwa pamoja, la kwanza na la pili, ukuta katikati na wewe mmoja. Uliandika habari ya sungura ubaoni, na mimi nikawa naisoma kwa sauti nyuma ya mkono wako, hadi nikakupita. Nikaitaja sentensi ambayo hujaiandika. Ukageuka. Ulikuwa na chaki kwenye nyusi. Ukacheka, ukaja ukaweka kiganja juu ya mtandio wangu na kusema, "Huyu anajua tayari." Kisha ukanipa chaki. "Kawasaidie wenzako."

Mwalimu, hapo ndipo uliponifundisha mara ya mwisho.

Najua unavyonikatalia huko ulipo. Lakini nitajie kitu kimoja. Kuanzia siku ile hadi namaliza darasa la saba, nitajie kitu kimoja kigumu ulichonipa. Nilisimama mbele nikiwaongoza wenzangu a, e, i, o, u. Niligawa madaftari, nilifuta ubao, nilikagua kucha. Wiki chache baadaye ukanipa na fimbo. Mtoto wa miaka minane, Mwalimu, na fimbo, mbele ya watoto wa miaka minane. Waliniita Ticha Kidole, kwa jinsi nilivyokuwa mdogo. Mapumziko wasichana wakicheza rede, nikisogea mpira unasimama. Mmoja alisema, "Msicheze na huyu, atatuandika majina." Hawakuwa wakorofi. Walikuwa sahihi, kwa sababu kuandika majina ya wapiga kelele nayo ilikuwa kazi yangu.

Sikukuambia. Nilijiona mtu mzima. Alasiri ulinikalisha kibarazani kwako tukasahihisha pamoja, wewe Kiswahili, mimi hesabu, katikati yetu sahani ya muhogo wa kuchoma na chumvi yenye pilipili. Ulinimenyea maganda yaliyoungua. Uliniambia habari za kwenu, mvua isiyokatika, chai inavyochumwa. Na ukaniambia, kwa fahari, kwamba nawe ulipokuwa mdogo mwalimu wako alikupa chaki, ukafundisha wenzako chini ya bati lililovuja. Nilidhani hiyo ni hadithi nzuri. Nilidhani tumepewa kitu kimoja, mimi na wewe, kama watu waliorithi cheo.

Hakuna mtu aliyenipenda kama ulivyonipenda. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Ningenyimwa na mtu mbaya, ningejua kwamba nimenyimwa. Wewe ulininyima huku unanisifu, na mimi nikashukuru.

Nilipofaulu kwenda sekondari bara, shule ya wasichana ya bweni, ulinifungia karanga kwenye kanga yako ya zamani. Hukujua ulikuwa unampeleka wapi mtoto yule. Wiki ya kwanza ya hisabati mwalimu aliandika swali ubaoni, nikalisoma, na hakuna kilichotokea kichwani. Sijui kama unanielewa. Maisha yangu yote nilikuwa nikisoma swali na jibu linakuja lenyewe, kama paka anayejua kwake. Siku ile halikuja. Nikatazama pembeni. Wenzangu walikuwa wanaandika, wanafuta, wanakosea, wanaguna, wanapapasa kalamu za jirani. Walikuwa na kazi fulani wanaifanya, na mimi sikuijua hiyo kazi. Nilikaa na mikono mapajani. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikujua mtu asiyejua hufanya nini.

Nikasema naumwa. Nilisema naumwa mara nyingi mwaka ule. Nilikupigia kwa simu ya matroni, nikashindwa hata kueleza, nikasema tu, "Mwalimu, huku ni kugumu." Ukacheka kwa upole na kusema, "Wewe unajua, Rukia. Tulia tu."

Nikatulia. Nikashika mkia wa darasa.

Aliyeniokoa ni msichana mmoja wa kitanda cha juu, Neema, ambaye kila mtu alimwona mzito. Neema hakuwa na aibu hata punje. Alinyoosha mkono kila kipindi. "Mwalimu, sijaelewa, rudia." Anarudiwa. "Mwalimu, bado." Darasa linacheka, naye anacheka nalo, mkono haushuki. Nilimdharau muhula mzima. Halafu nikaanza kumwangalia kama mtu anavyomwangalia fundi. Ni yeye aliyenifundisha kusema sijui, na alinifundisha akidhani tunapiga soga kitandani. Nilipanda, ndiyo. Nilifika chuo, ndiyo. Lakini nilichokitaka, ule uhandisi niliokuwa nikikusimulia kibarazani huku nimejaa muhogo mdomoni, ulipita kwenye ile miaka ya mwanzo niliyokuwa naumwa. Naipenda kazi ya ualimu. Ninachosema ni kwamba sikuichagua. Nilishikishwa nikiwa na miaka minane.

Haya yote ningekufa nayo. Ulikuwa umezeeka, mguu ulikuwa unakusumbua, nilikuwa nakuletea samaki. Mtu hamwendei mwalimu wake mzee na mashtaka. Lakini sasa umekwenda, na kilichofuata kimenifungua mdomo.

Unamkumbuka Zuhura? Mtoto wa Bi Mwanahawa, yule mama mkulima wa mwani aliyeolewa hapa kutoka kile kisiwa kidogo cha Jibondo. Ulipougua Zuhura alikuwa anaingia darasa la tatu, darasa langu. Mtoto mwembamba, mkimya, ana tabia ya kung'ata ncha ya ushungi wake akifikiri. Nilimkuta amemaliza kitabu cha darasa la tatu anasoma cha kaka yake wa la sita, si kwa majivuno, kwa njaa tu. Nilianza kumtafutia maswali. Nilikuwa bado naupapasa mlango, sijui niingilie wapi, maana na mimi nina darasa lililojaa hadi dirishani. Katikati ya hayo nikaitwa Kilindoni kwenye mafunzo kazini.

Niliporudi, pikipiki ikanishusha getini, nikasikia darasa la kwanza wanaimba irabu. Nikajua sauti inayoongoza. Nikasimama dirishani. Zuhura alikuwa mbele, amepandishwa juu ya tofali ili aufikie ubao, chaki mkono mmoja, fimbo mkono mwingine. Ushungi ulikuwa mweupe kwa vumbi. Alikuwa anatabasamu, Mwalimu. Tabasamu lile nalijua kwa ndani.

Sikufikiri. Niliingia nikachukua fimbo, nikachukua chaki, nikamwambia, "Rudi darasani ukakae chini." Akanitazama kama niliyempiga. Akatoka anakimbia, na nyuma yangu mmoja wa darasa la kwanza akasema, "Ticha kafukuzwa."

Mwalimu mkuu alinifuata hadi barazani. Si mtu mbaya, unamjua. Anatania ili asigombe. "Mwalimu Rukia, mtoto amekukosea nini? Nimempa heshima." Nikamwambia anatakiwa kuwa anasoma. Akasema, "Asome nini? Huyu anajua tayari."

Alisema hivyohivyo. Kwa maneno yako yaleyale.

Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkuu wake wa kazi. Nikamwambia mtoto mwenye akili shule hii humgeuza punda wa shule, na kumvisha taji ili asijione punda. Nikamwambia anayeshindwa tunamrudishia somo, anayeweza kidogo tunamweka kwenye kambi ya mtihani atuletee sifa, na anayeweza kabisa tunamwambia akafute ubao. Akapangusa jasho. "Sawa, umemaliza chuo. Sasa niambie, darasa la kwanza nani atawashika? Mwalimu wao yuko kwenye uzazi. Nikamwazime mwalimu baharini?" Nikasema nitawashika mimi, asubuhi, kabla ya darasa langu, na mchana nitawarudia. Akanicheka. "Utachoka, dada yangu. Na ukiendelea na mdomo huo utahamishiwa Jibondo ukafundishe samaki."

Sasa nina madarasa mawili, Mwalimu. Ukuta katikati na mimi mmoja. Unaona kejeli yake. Kuna siku saa tano asubuhi sauti imekauka, mmoja amejikojolea, wawili wanang'atana, na macho yangu yanakwenda yenyewe kwenye dirisha la darasa la tatu kumtafuta mtoto mmoja tu, anayejua. Nakuelewa siku hizo. Nakuelewa vizuri sana. Lakini kukuelewa hakujanipunguzia hasira, kumeiongeza, kwa sababu nagundua inawezekana kuvumilia hadi kengele ilie.

Bi Mwanahawa alikuja kesho yake, na kanga yake ya baharini bado imeloa pindo. Hakukaa. "Rukia, mwanangu kakosa nini? Jana karudi analia, kala robo sahani. Mtaa mzima walikuwa wanamwita ticha, leo wananiuliza kaiba nini." Nikamweleza. Akasikiliza ameshika kiuno. Halafu akasema, "Wewe chaki hiyohiyo si ndiyo imekufikisha chuo? Umekwisha kuvuka, sasa mwanangu unamzibia. Mcheza kwao hutunzwa, mwalimu. Wewe unamnyang'anya mtoto ngoma."

Nilifika, kweli. Hata anayeogelea mkondo mzima hufika, lakini hakuna anayesema kwamba basi mashua haina kazi. Hilo lilinijia baada ya yeye kuondoka. Papo hapo nilisema tu, "Bi Mwanahawa, nipe muda na mtoto. Mwalimu mkuu ananitishia Jibondo kwa ajili yake." Uso ukambadilika. "Jibondo? Jibondo kwetu pana nini cha kutishia watu? Maji tu yalikuwa yanaletwa kwa mashua, watu wapo." Nadhani alinipa muda kwa sababu ya tusi lile, si kwa sababu yangu.

Muda wenyewe ulikuwa mchungu. Nilimpa Zuhura swali moja, la peke yake. Nilitaka kitu kisichokuwa kitabuni, asije akakikuta kwa kaka yake. Nikamwambia, "Mama yako huenda kufunga mwani maji yakipwa. Kwa nini kesho maji hayapwi saa ileile ya leo?" Akajibu hapohapo, "Maji yana mwendo wake." Nikasema hilo si jibu, hilo ni swali lililovaa nguo nyingine. Akasema Mungu amepanga. Nikasema ndiyo, amepangaje? Akang'ata ushungi. Nikaiona ile mikono ikishuka mapajani.

Akalia. Hakulia kitoto, alilia kwa kuona aibu. "Mwalimu, unanichukia." Hakuniamkia siku mbili. Darasani alikaa akitazama mlango. Nilikwenda nyumbani nikawaza labda mama yake ana haki, labda ninamlipizia mtoto wa watu deni lisilo lake, labda kuna watoto wanaofaa chaki na mimi sikuwa mmoja wao tu. Nilikaribia, Mwalimu. Nilikaribia kumrudishia. Ilikuwa imebaki kusema tu, njoo nikusaidie kubeba madaftari.

Juzi asubuhi nilikuwa nafungua mlango wa darasa la kwanza, akaja nyuma yangu, viatu mkononi, miguu ina mchanga. Alikuwa amepitia ufukweni kwa mama yake. Akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Sijui."

Nikadhani anasema habari za nyumbani. Akarudia. "Lile swali. Sijui. Lakini nimeona kitu." Akanishika mkono, yeye ambaye hanishiki, akanivuta hadi nyuma ya vyoo ambako miti haizuii, akanyoosha kidole magharibi. Mwezi ulikuwa bado upo, wa asubuhi, mweupe kama kipande cha nazi, umeanza kukonda. "Majuzi nikija shule ulikuwa umekaribia kuzama pale, kwenye minazi. Jana ulikuwa juu kidogo. Leo uko juu zaidi. Mwezi nao unachelewa, mwalimu. Unachelewa kama maji."

Nikakifuata kidole chake hadi kwenye mwezi.

"Sasa unachelewa kwa nini?" akaniuliza.

Mwalimu Atupele, nilikuwa na jibu nusu. Ningeweza kulitoa, nikaonekana. Nikamwambia, "Sijui vizuri. Tutafute." Akanitazama, nadhani ndiyo mara ya kwanza kumsikia mwalimu akisema hivyo, na akacheka. Alicheka kama mtoto. Mapumziko nilimwona kwenye rede. Anacheza vibaya sana. Walimpiga na mpira mgongoni akaanguka, wakamzomea, akaamka anajifuta mchanga, akadai arudishwe tena mchezoni.

Mwezi. Wewe ungesema mwesi. Nilitaka uwepo uuseme.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipopata uso wake, na si uso wako wa kibarazani. Nimemwona msichana mdogo huko Tukuyu, chini ya bati linalovuja, amepanda tofali, ana chaki mkononi, na mtu mzima aliyechoka amemwekea kiganja kichwani. Hakuna aliyeingia kumnyang'anya. Hakuna aliyemuuliza kitu asichokijua. Ulifundisha hadi mguu ukakataa, na sijui kama kuna aliyewahi kukukalisha chini. Nimekasirika kwa ajili yako pia. Sikutegemea. Nilikaa kuandika nikuseme wewe, nimejikuta nataka kumsema mwalimu wako.

Sijakusamehe yote. Nisingependa udanganyike kwa sababu nimeandika habari ya mwezi. Mwalimu mkuu bado anatania kuhusu Jibondo na siku moja utani utakuja na mhuri. Bi Mwanahawa bado ananiangalia kwa jicho la upande. Nikihamishwa nitakwenda, na Zuhura atabaki, na tofali lile lilikuwa bado lipo chini ya ubao. Kwa hiyo jana nimelitoa. Nimelibeba mwenyewe hadi nyuma ya nyumba yako, nimelipanga na mengine kuzunguka shina moja la mgomba ambalo yule kijana hakulimaliza. Shina limeanza kuchipua.

Ninakuahidi hivi. Popote nitakapofundisha, hapa, Jibondo, au watakakonitupa, mtoto akinipita ubaoni sitaweka mkono kichwani mwake. Nitavuta kiti nimuulize hadi aseme sijui. Na siku nitakapochoka, nikajisikia nafungua mdomo kuyasema yale maneno matatu, nitaiona chaki kwenye nyusi zako na nitaufunga.

Kapumzike, Mwalimu. Huko kwenu mvua ikupigie bati taratibu. Kaa chini sasa, mwingine asimame.

Mimi mwanafunzi wako, ambaye hakuwa anajua,

Rukia